Jino Linalocheza

Jino langu la mbele la chini lilianza kucheza mwaka jana, nikiwa na miaka ishirini na sita. Ulimi ndio uliogundua, usiku mmoja nikisoma hosteli, na tangu hapo haukutulia. Darasani unakwenda palepale, kwenye daladala unakwenda palepale. Unasukuma kidogo, unapima. Jana lilicheza hivi, leo je? Nilikaa hivyo miezi minane bila kwenda kwa daktari.

Miezi hiyohiyo nilikuwa nasoma falsafa, shahada ya uzamili, na swali tulilopewa lilikuwa hili: je, mtu anaweza kujua lililo jema kwake, akawa na uwezo wa kulitenda, na bado asilitende? Katika Protagoras, mojawapo ya maandishi ya Plato, Socrates anakataa. Ukimwona mtu anatenda kinyume, ujue hakujua kweli. Amekosea vipimo tu, kama anayeona kitu cha karibu kuwa kikubwa kuliko kilicho mbali. Niliandika insha ya kumtetea Socrates, nikapata alama nzuri. Niliiandika huku ulimi ukisukuma jino.

Sindano niliiogopa, sikatai, na mlio wa ile mashine unaosikika hadi kwenye mabenchi ya kusubiria. Lakini zaidi niliogopa kuambiwa. Baba alianza kung'olewa meno kabla hajafika arobaini. Akicheka, mkono hufunika mdomo. Hata kwenye picha za harusi ya dada yangu mkono uko pale, ingawa wakati huo alishawekewa meno bandia. Wahenga walisema jino la pembe si dawa ya pengo. Methali hiyo siipendi, maana yale meno yalimrudishia baba mahindi ya kuchoma, na hilo si jambo dogo. Ila kuhusu mkono, labda walisema kweli.

Kisha zikaja ndoto. Naota meno yananidondokea kiganjani, moja baada ya jingine. Kwetu Tanga wapo wanaosema ukiota jino limetoka, ndugu yako atakufa. Siamini. Hata hivyo kila nilipoota nilimpigia Mama kabla hakujakucha vizuri, nikijifanya namsalimia tu. Mara ya nne au ya tano akaniuliza, "Mwanangu, una nini?" Nikasema mitihani.

Nyumbani kwetu simu ya alfajiri ni simu ya msiba. Mama alikuwa akiamka na moyo unamwenda mbio ili mimi wangu utulie. Mpaka siku ile nilidhani kutokujua ni haki yangu na hakumdhuru mtu, kwa kuwa mdomo ni wangu na jino ni langu. Kumbe ili niendelee kutokujua ilibidi nimwongopee Mama, tena kila wiki.

Nilikwenda Jumanne moja. Nilifika mlangoni, nikageuka, nikanywa soda duka la pili, nikarudi. Daktari alikuwa mama wa makamo. Nilimwamkia, nikamwambia ukweli kwamba naogopa. Hakucheka. "Sawa, mdogo wangu. Ukiinua mkono wa kushoto, naacha. Hata nikiwa katikati." Niliinua mara mbili. Mara ya kwanza sikuwa na maumivu yoyote, nilikuwa namjaribu tu. Akaacha, akasubiri. Baada ya hapo niliweza kukaa kwenye kile kiti, na mpaka leo nashangaa kwamba kilichonituliza ni ruhusa ya kukataa.

Alinieleza kuwa kila jino hucheza kidogo sana, kwa sababu halijagandamana na mfupa. Limeshikwa na nyuzi nyembamba. Langu lilicheza zaidi kwa kuwa ugaga ulikuwa umejikusanya chini ya fizi, fizi ikavimba, na mfupa ukaanza kushuka. Kwenye eksirei niliuona. Angesafisha chini ya fizi kwa ganzi, mara kadhaa, na uvimbe ukiisha jino linaweza kukaza. Mfupa uliokwisha haurudi wenyewe. Nilisubiri aniambie ningekuja mapema, hakusema.

Aristotle, katika kitabu cha saba cha Maadili ya Nikomako, ana huruma kuliko Socrates. Anasema wapo watu wanaojua kama mlevi anavyokariri mashairi ya Empedocles: maneno yanatoka, lakini hayamshiki. Ningependa kujificha humo. Ila mlevi hahitaji kupanga uongo wa kumwambia mama yake. Mimi nilipanga, nikachagua na saa ya kupiga. Nilikuwa najua vizuri kabisa nilichokuwa nakikwepa, kwa hiyo ile insha yangu naona inahitaji kuandikwa upya.

Jioni ile nilimpigia Mama nikamweleza yote, hadi ndoto. Alinyamaza kidogo.

"Na mimi hili gego la juu linanisumbua tangu Ramadhani," akasema.

"Umekwenda hospitali, Mama?"

"Nitakwenda."

Sauti ile naijua. Nikamuuliza Jumamosi ana nafasi.