Mpokezi Aliyezeeka

Alhamisi ya tarehe 30 Septemba 2021, baada ya swala ya Alasiri, Baba aliniita barazani kwetu Ngamiani, Tanga, tuandike khutba ya kesho yake. Hivyo ndivyo tulivyofanya kwa miaka. Macho yake yalikuwa yameingia mtoto wa jicho, kwa hiyo yeye husema, mimi huandika, kisha nachapa kwa herufi za ukubwa wa 28 apate kuzisoma akiwa juu ya mimbari. Maandishi yenyewe niliyahifadhi mtandaoni, kwenye huduma moja ndogo, ili hata kompyuta yangu ikiibwa maneno yake yasipotee. Tulifika nusu, mgeni akabisha hodi, tukaacha.

Baada ya Magharibi nilifungua tumalizie. Haikufunguka. Kivinjari kilinitolea ukurasa mweupe wenye onyo kwamba muunganisho si salama na huenda kuna mtu anataka kuniibia. Nilitazama intaneti, ipo. Nilijaribu kwa simu, ikafungua mara moja. Nikazima mashine, nikawasha, nikapata onyo lile lile.

"Kuna nini, mwanangu?"

"Mashine inasema haiwaamini hawa tuliowawekea khutba, Baba."

"Alasiri iliwaamini?"

"Iliwaamini."

Alikunywa funda la kahawa, akakiweka kikombe chini. "Basi baina ya Alasiri na Magharibi wamefanya nini?"

Sikuwa na jibu. Usiku ule niliandika khutba nzima upya kwa kalamu nene, nyuma ya karatasi za mahudhurio ya madrasa, naye akinirudishia kila neno kama alivyolisema mchana. Nakumbuka nilivyokuwa na hasira: mashine nzima, umeme upo, bando nimenunua, na bado nimefungiwa nje ya maneno ya baba yangu mwenyewe.

Jibu nilikuja kulipata baadaye, na naona ni vizuri kulieleza kwa utuo, kwa sababu ndani yake mna swali la dini. Kila kompyuta hutoka kiwandani na orodha ya mashahidi. Ukitaka kufungua tovuti, tovuti huleta cheti chake. Cheti hicho kimetiwa saini na mwingine, na huyo naye na mwingine, mpaka ufike kwa shahidi wa juu kabisa, ambaye mashine yako inamjua kwa jina. Akipatikana, mlango unafunguliwa. Asipopatikana, unaonywa. Shahidi aliyetegemewa na tovuti nyingi sana siku hizo ni cheti cha mzizi kiitwacho DST Root CA X3. Kilitolewa tarehe 30 Septemba 2000, kikapewa miaka 21. Muda wake ulikwisha siku ile ile, dakika moja baada ya saa kumi na moja jioni kwa saa zetu. Mashine mpya zilikuwa zimeshatambulishwa kwa shahidi wa pili, ISRG Root X1, hazikuhisi lolote. Yangu ilikuwa ya mwaka 2009, na mtengenezaji wake alikuwa ameacha zamani kuipelekea majina mapya. Shahidi pekee wa tovuti ile ambaye mashine ilimjua aliondoka. Wale tuliowawekea khutba hawakuwa wamefanya kitu.

Nilipomweleza Baba alifurahi kwa namna ambayo sikuitarajia. "Hii si isnadi, mnyororo wa wapokezi?" Akaketi vizuri. Yeye amesoma kwa ijaza, na mwalimu wake kwa ijaza, na anaweza kukutajia silsila yake mtu kwa mtu bila kupumua. Akataka kujua zaidi. Kwa nini shahidi apewe miaka? Nikamwambia nilivyoelewa: saini hizo hutiwa kwa ufunguo wa siri, na ufunguo ukikaa sana huenda ukaibwa au ukavunjwa, basi wakaona afadhali uwe na mwisho unaojulikana. Akalikubali hilo. Kisha akasema jambo ambalo nimekuwa nikilitafuna tangu siku hiyo: "Lakini wanachuoni wetu mzee hawakumfanyia hivyo."

Alikuwa akisema habari ya wapokezi wa hadithi. Mpokezi hupimwa kwa uadilifu wake na kwa uimara wa hifadhi yake. Sasa kuna mpokezi mwadilifu, mkweli, ambaye uzeeni akili ilimchanganyikia. Mmoja wao ni Ataa bin Saib wa Kufa. Wanachuoni wangeweza kumfuta, ingekuwa rahisi, na hakuna ambaye angewalaumu kwa tahadhari. Hawakumfuta. Waliuliza: nani alisikia kwake kabla hajachanganyikiwa, na nani baada ya hapo? Shu'ba na Sufyan Thauri walisikia mapema, basi wanayoyapokea kutoka kwake yakakubaliwa. Waliosikia mwishoni, mapokeo yao kutoka kwake yakasimamishwa. Ni kazi ngumu ya kufuatilia mtu mmoja mmoja, mji kwa mji, mwaka kwa mwaka, ili mzee asidhulumiwe na dini isiharibiwe.

Nami nilikuwa nimetoka kwa fundi, kijana mmoja karibu na soko la Ngamiani ambaye aliwahi kusoma madrasa kwetu. Aliifungua mashine yangu, akapuliza vumbi, akajaribu kila kitu. Kibodi nzima, diski nzima, RAM ya GB 2 inatosha kwa kuandika. Akanirudishia kwa mikono miwili. "Mwalimu, mashine hii haina ugonjwa. Imepitwa tu." Neno hilo liliniuma. Kuchakaa nakujua. Nguo huchakaa, mtungi huvuja, mtu huzeeka, na katika haya yote kuna hukumu ya Mwenyezi Mungu ambayo mja huikubali, akipenda asipende. Kupitwa ni kitu kingine. Hapa kitu chenyewe hakijabadilika. Kuna mtu mbali ameamua kutokihesabu tena.

Sitaki kuwadhulumu mafundi wa programu. Hofu yao ina ukweli. Mei 2017 programu mbaya iliyoitwa WannaCry ilifunga kompyuta za hospitali nyingi huko Uingereza, wagonjwa wakaahirishiwa matibabu. Tundu ililopitia lilikuwa limeshatolewa kiraka Machi mwaka huo huo. Walioumia ni wale ambao mashine zao hazikuwa zimetiwa kiraka hicho. Anayeshika amana za watu wengi ana haki ya kumwambia mwenye mlango mbovu, usiingie na mlango huo hapa. Na kuutunza mfumo wa zamani ni kazi ya mikono ya watu, wenye watoto na kodi za nyumba. Sisi tuliolelewa karibu na mali za wakfu tunalijua hili: kisima bila fungu la ukarabati ni kisima cha siku chache, ndiyo maana mafakihi wakasema mapato ya wakfu yaanze kuukarabati wakfu wenyewe kabla hajagaiwa mtu.

Ninaloliona ni dhulma ni kumfunga mzee kwa yote kwa sababu ya moja. Mashine yangu haikufaa tena kwa benki, nakubali, hata ningekuwa mimi nisingeiamini. Ilikosa nini hata isiweze kusoma ukurasa wa maandishi matupu niliouandika mwenyewe mchana wake? Hakuna aliyeuliza swali la wale wanachuoni, kwamba huyu ametetereka wapi na bado yuko sawa wapi. Iliangaliwa tarehe tu.

Na tarehe zenyewe, nikizitazama, nyingine ni sharti la kazi na nyingine ni za biashara. Windows 10 ilipofikia mwisho wa huduma yake ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, kompyuta nyingi zilizokuwa zikifanya kazi vizuri hazikuweza kuhamia Windows 11, kwa kuwa hazina chipu ya usalama ya TPM 2.0 au prosesa yao haimo kwenye orodha. Hapo hapo watumiaji wa nyumbani wakaambiwa wanaweza kupata viraka vya usalama mwaka mmoja zaidi, kwa dola 30 au kwa kutimiza masharti fulani. Basi viraka vipo. Vinaandikwa. Ajali, kwa maana yake ya asili, ule muda ulioandikwa na Mungu, haisogezwi kwa dola 30. Ikisogezwa, tujue kwamba iliandikwa na mtu, na mtu huulizwa.

Ataulizwa nini? Mimi ningemuuliza la sokoni. Mtume, rehema na amani zimshukie, alipita penye lundo la chakula, akaingiza mkono ndani, akakuta unyevu ambao juu haukuonekana, akamkemea muuzaji kwa kutouweka wazi. Siku niliyonunua mashine ile hakuna aliyeniambia kwamba ndani yake mna orodha ya mashahidi, kwamba orodha hiyo itaachwa, na mwaka gani. Ningeambiwa huenda ningenunua vile vile. Lakini ningenunua nikijua.

Yule kijana hakunitupa. Wiki iliyofuata alikuja nyumbani na flashi, akaweka Firefox, ambayo huja na orodha yake yenyewe ya mashahidi na haitegemei ile ya mashine. Khutba zote 140 zikafunguka. Nilizinakili usiku ule ule, moja moja, mpaka adhana ya Alfajiri. Mwaka uliofuata akaiwekea Linux nyepesi, na mpaka leo ndiyo inayochapa vyeti vya wanafunzi wetu. Benki siipeleki.

Baba hapandi tena mimbari. Mwaka wa pili sasa akili yake huenda na kurudi. Watu wa Barabara ya Kumi na Mbili waliokuwa wakimletea masuala ya mirathi hawamletei tena. Tumekubaliana hivyo na msikiti, na kwa kweli ni bora, kwa sababu mafungu ya mirathi hayataki mtu anayesahau nani amefariki. Lakini kila asubuhi, baada ya chai, tunamtandikia mkeka barazani na watoto wanakaa mbele yake kusoma.

Jumatatu iliyopita mtoto mmoja wa kike alisoma Alhamdu, akafika mwisho, akaifupisha ile madda ya waladh-dhaalliin. Baba alikuwa amefumba macho, nikadhani amelala. Akainua mkono, akafungua vidole kimoja kimoja, na cha mkono wa pili, mpaka vikatimia sita. Mtoto akarudia, akavuta harakati sita kamili. Baba akatikisa kichwa, akashusha mikono. Kisha akaniuliza, mara ya nne asubuhi ile, mtoto huyu ni wa nani. Nikamwambia.