Mzio wa Jirani na Meza Yetu

Katika nyumba zetu mgeni hakaribishwi kwa maneno matupu. Anakaribishwa kwa chai, kwa ndizi, kwa wali, kwa chochote kilichopo jikoni. Ndiyo maana mgeni anaposogeza sahani pembeni na kusema, "Samahani, hiki sili," mwenyeji huumia. Anahisi amekataliwa yeye, si chakula. Na kama mgeni huyo ni Mkristo mwenzetu, wengi wetu huongeza swali jingine moyoni: mbona chakula hiki tumeshakiombea? Imani yake iko wapi?

Swali hilo tulikuwa nalo sisi pia, mpaka siku lilipotugharimu.

Miaka kadhaa iliyopita, katika usharika tuliokuwa tukihudumu, mama mmoja kijana alituletea binti yake wa miaka sita. Mtoto huyo akila karanga, hata kidogo, alitokwa na vipele na midomo ikavimba. Daktari alikuwa amemweleza mama kwamba huo ni mzio, na kwamba mtoto asile karanga kabisa. Mama alitaka walimu wa Shule ya Jumapili wajue. Tulimsikiliza, tukamwekea mtoto mikono, tukaomba. Kisha tukamwambia mama maneno ambayo tunayajutia hadi leo: "Sasa usiwe na hofu tena, mama. Tumeshamkabidhi kwa Bwana." Kwa walimu hatukusema neno.

Ikafika Sikukuu ya Mikaeli na Watoto. Akina mama wa usharika walipika uji wa lishe. Mnajua unga ule unavyotengenezwa: mahindi, ulezi, soya, na mara nyingi karanga, vyote vinasagwa pamoja hata karanga isionekane tena. Bibi aliyekuwa akigawa uji alimfahamu mtoto yule na alikuwa amesikia habari zake. Mtoto aliposita kupokea kikombe, bibi alimwambia kwa upendo, "Kunywa, mjukuu wangu. Mchungaji alishakuombea."

Baada ya dakika chache mtoto alianza kukohoa, uso ukavimba, pumzi ikawa ya shida. Mzee wa kanisa mmoja alimkimbiza hospitali kwa gari lake. Akachomwa sindano, akapona. Tulimshukuru Mungu. Lakini kwa wiki nyingi mama yule hakuonekana ibadani. Tulipokwenda kumtembelea alitupokea kwa heshima, akatupa viti, akakaa kimya kidogo, kisha akasema jambo moja tu: "Mchungaji, mliniombea, lakini hamkuniamini."

Bibi hakutenda kwa ubaya. Alitenda alichofundishwa na sisi. Kwa hiyo swali la chakula kinachomdhuru jirani si la madaktari peke yao. Ni swali la imani, na Kanisa linapaswa kulijibu.

Tuanze na kuelewa. Mzio wa chakula ni kosa la kinga ya mwili. Kinga ile ile ambayo Mungu ametupa ili ipigane na magonjwa huiona protini ya karanga, yai, maziwa, samaki au kamba kuwa adui, na kuishambulia. Kiasi kidogo sana kinaweza kutosha. Wengine huwashwa ngozi tu. Wengine huvimba koo, hushindwa kupumua na kuishiwa nguvu, na wasipopata sindano ya adrenalini upesi wanaweza kufa. Tofauti na hiyo ni hali ya mwili kutovumilia chakula fulani. Watu wazima wengi katika Afrika hawana kimeng'enya cha kutosha cha kusaga sukari iliyomo kwenye maziwa. Wakinywa maziwa tumbo hujaa gesi, huuma, au huharisha. Hali hii haiui, na baadhi yao wanaweza kunywa mtindi bila shida kubwa. Lakini mwenye mzio wa maziwa hawezi kuambiwa, "Basi kunywa mtindi," maana kwake mtindi ni hatari ile ile.

Neno lenyewe, mzio, si geni. Waswahili wa zamani waliita mzio kile ambacho mtu hukiepuka kwa sababu kinamdhuru, au kwa sababu ni mwiko kwake. Na hapo ndipo penye ugumu wetu sisi Wakristo. Wazee wetu waliompokea Kristo walifundishwa kuacha miiko ya ukoo. Kwa baadhi yao, kula kile ambacho ukoo ulikataza kulikuwa ushuhuda mbele ya watu kwamba hawaogopi tena mizimu. Ushuhuda huo tunauheshimu. Lakini umetuachia mazoea: tukimsikia mtu akisema "hiki sili," tunadhani anarudi nyuma. Tunasahau kwamba mwenye mzio haogopi mizimu. Anaogopa kushindwa kupumua.

Wapo wanaotukumbusha habari ya Petro katika Matendo ya Mitume sura ya 10, alipoonyeshwa nguo kubwa ikishuka kutoka mbinguni na wanyama wa kila namna ndani yake, akaambiwa ale. Wanasema: unaona, vyakula vyote vimetakaswa. Ni kweli. Lakini tuisome sura yote. Maono yale yalitolewa ili Petro aingie katika nyumba ya Kornelio, mtu wa mataifa, na akae naye. Vyakula vilifunguliwa ili watu wakutane. Baadaye kule Antiokia Petro alipojitenga na meza ya mataifa kwa kuogopa watu, Paulo alimpinga waziwazi, kama tunavyosoma katika Wagalatia sura ya 2. Uhuru wa kula ulitolewa kwa ajili ya meza moja. Sisi tukiutumia uhuru huo kumfukuza mtu mezani, au kumuumiza akiwa mezani, tumeugeuza maono ya Petro juu chini. Tena Paulo katika Warumi 14 anatuonya tusimwangamize kwa chakula chetu mtu ambaye Kristo alikufa kwa ajili yake. Yeye alikuwa akizungumzia dhamiri iliyo dhaifu. Kama dhamiri inastahili kuhurumiwa hivyo, je, si zaidi pumzi ya mtoto?

Wengine wanataja Luka 10, ambapo Bwana aliwaagiza wanafunzi wale wanavyowekewa mbele yao. Agizo hilo lilitolewa kwa wageni, wasihame nyumba hadi nyumba wakitafuta mapishi mazuri. Wenyeji hawakupewa ruhusa ya kumlazimisha mtu. Na Paulo huyo huyo, alipomwandikia Timotheo juu ya tumbo lake na magonjwa yake ya mara kwa mara, hakumkemea kwa kukosa imani. Alimshauri abadilishe anachokunywa. Mtume aliyeona miujiza mingi hakuona aibu kutoa ushauri wa namna hiyo.

Je, kuomba basi hakuna kazi? La hasha. Tunaombea wagonjwa na tutaendelea. Lakini Bwana wetu alipopelekwa juu ya kinara cha hekalu akaambiwa ajitupe chini, alikataa kumjaribu Mungu. Kumpa mtoto kikombe chenye karanga ili tuone kama maombi yamefanya kazi ni kumsimamisha mtoto huyo juu ya kinara. Martin Luther, tauni ilipoingia Wittenberg mwaka 1527, alibaki mjini kuwahudumia wagonjwa. Hata hivyo aliandika kwamba anayedharau dawa na kutojikinga kwa makusudi anamjaribu Mungu, na anaweza kuwa na hatia ya kifo cha jirani yake. Katika Katekismo Ndogo ya mwaka 1529, tunayoifundisha katika kipaimara, anaeleza kuwa amri ya tano haikomi katika kutoua. Inatutaka tusimdhuru jirani mwilini mwake, bali tumsaidie katika mahitaji yote ya mwili. Tuliifundisha amri hiyo mwaka baada ya mwaka, wala hatukuona kwamba inafika hadi kwenye sufuria ya uji.

Mwenye mzio naye ana wajibu wake. Kwanza ni kusema kweli, na kuisema mapema. Danieli, aliyetaka kula mboga badala ya chakula cha mfalme, hakugoma wala hakuwatukana wenyeji. Aliomba kwa adabu, akatambua hofu ya msimamizi, akapendekeza majaribio ya siku kumi. Sababu yake ilikuwa tofauti na ya mzio, lakini adabu yake inafaa kuigwa. Wajibu wa pili ni kutojipima wenyewe. Siku hizi mtu akiumwa tumbo mara moja anaacha ngano, kesho maziwa, keshokutwa mayai, na watoto wake anawanyima vyote. Hofu si daktari. Utafiti uliofanyika London na kutangazwa mwaka 2015 ulionyesha kwamba watoto wachanga waliokuwa katika hatari ya kupata mzio wa karanga, walipopewa karanga mapema kwa uangalizi, wengi zaidi waliepuka mzio huo kuliko wale walionyimwa. Hiyo si ruhusa ya kujaribu nyumbani kwa mtoto ambaye tayari anadhurika. Ni sababu ya kwenda kwa mtaalamu kabla ya kuamua. Tena anayesema ana mzio kwa sababu tu hapendi mlenda anawaumiza wenye mzio wa kweli, maana kesho hakuna atakayewaamini.

Mama yule alitufundisha jambo jingine bila kukusudia. Kwa ajili ya binti yake alianza kusoma maandishi ya kila pakiti, kusaga unga wake mwenyewe, kuosha vizuri sufuria na vyombo kabla ya kupika, na kuuliza kilichomo ndani ya chakula kabla ya kukila. Baada ya muda nyumba nzima ilibadilika. Soda zilipungua, mboga za majani na matunda vikaongezeka, chumvi na mafuta vikapimwa. Alianza kwa kumlinda mmoja, na wote wakapata faida. Sisi wachungaji tulijitazama tukaona haya. Tukitembelea nyumba tano kwa siku tunakunywa vikombe vitano vya chai yenye sukari nyingi, kwa sababu hatutaki kumuudhi mtu, na wenzetu wengi wanaishi na kisukari na shinikizo la damu. Tulipojifunza kusema, "Asante, mama, nipe tu bila sukari," tuligundua kwamba wenyeji hawakukasirika. Wengine walisema, "Mchungaji, hata mimi daktari aliniambia hivyo." Mwili ni hekalu la Roho Mtakatifu siku za kazi pia, si Jumapili peke yake.

Mambo tunayoweza kufanya katika usharika ni madogo. Kabla ya kupika kwa ajili ya watoto, tuwaulize wazazi, na majibu yaandikwe. Karanga ziwekwe kwenye bakuli la pembeni badala ya kuchanganywa ndani ya chakula cha wote. Kila chakula kiwe na upawa wake. Anayegawa ajue kilichomo, na kama hajui aseme "sijui." Walimu wajue dalili za hatari, na usafiri wa kwenda hospitali ujulikane mapema.

Na tufike hata kwenye Meza ya Bwana. Ungamo la Augsburg la mwaka 1530 lilitetea haki ya kila mshirika kupokea mkate na kikombe. Lakini wapo watu ambao ngano huharibu utumbo wao, hata kipande kidogo. Baadhi ya makanisa ya Kilutheri ya Ulaya na Marekani huwaandalia mkate usio na gluteni, yaani ile protini ya ngano inayowadhuru, na kuuweka katika chombo chake. Pale ambapo washirika huchovya mkate ndani ya kikombe, chembe hubaki humo, kwa hiyo mshirika huyo apewe kikombe chake au anywe wa kwanza. Si kazi kubwa. Paulo aliwaonya Wakorintho kwa sababu kila mmoja alitangulia kula bila kumjali mwenzake, akawaambia wangojane. Kumngojea mwenzako kunaweza kuwa kumwandalia mkate anaoweza kuula.

Tulimwomba mama yule msamaha, kwanza nyumbani kwake, kisha mbele ya usharika, kwa kuwa kosa letu lilikuwa limefanyika hadharani. Bibi naye alikwenda kwake peke yake. Walichozungumza hatukuuliza. Tunajua tu kwamba sikukuu iliyofuata bibi alisimama tena penye sufuria. Safari hii zilikuwa sufuria mbili, na kabla hatujaombea chakula aliinua sauti akauliza, "Wanangu, nani hapa ana chakula kinachomdhuru?" Mikono minne ilinyooshwa. Mmoja tulikuwa tunaujua. Ile mitatu mingine ilikuwa imekaa kati yetu miaka yote, ikinyamaza.

Wazee walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Tumwombe Bwana atujalie nyumba na sharika ambamo mgeni naye akija, anabaki mzima.