Zamu ya Aliye Nyuma

Kwenye bomba la maji la kambi ya wakimbizi ya Kakuma, Kenya, anayeshika nafasi si lazima awe mtu. Mitungi ya plastiki hupangwa mmoja nyuma ya mwingine, mingi ya rangi ya manjano, huku wenyewe wakiendelea na kazi za nyumbani. Mtungi huheshimiwa kama mwenyewe. Anayeurudisha nyuma wa mwenzake ametafuta ugomvi.

Waingereza wangeuelewa ugomvi huo upesi. Kwao, kuruka foleni ni aibu inayomkera hata mtu mpole. Septemba 2022, watu walipojipanga kando ya mto Thames kumuaga Malkia Elizabeth wa Pili, nyota wa soka David Beckham naye alisimama zaidi ya saa 12. Wengi hudhani kupanga foleni ni desturi ya kale, lakini uhaba wa Vita vya Pili vya Dunia ndio uliokomaza tabia hiyo: mgao wa chakula ulianza Januari 1940 na kuisha Julai 1954.

Foleni ina uzuri wake. Haiulizi kabila, dini wala cheo. Ila haiulizi njaa pia, na hapo ndipo swali la haki linapoanza.

Swali hilo si geni: makanisani Lodwar, mji ulio kaunti moja na Kakuma, ambao sanamu ya Yesu inautazama kutoka kilimani, waumini wanaujua mfano wake wa wafanyakazi wa shamba la mizabibu. Walioajiriwa alfajiri na walioajiriwa saa kumi na moja jioni walilipwa dinari moja moja. Wa kwanza walinung'unika, na manung'uniko yao yana uzito: wao ndio waliochomwa na jua mchana kutwa. Hata hivyo, mwenye shamba hakuwapunja. Ukarimu wake ulitoka mfukoni mwake.

Kakuma, kambi iliyoanzishwa mwaka 1992, imekosa mfuko huo. Mwaka 2025 fedha za wafadhili zilipopungua, wakimbizi walipangwa katika makundi kulingana na uhitaji, na wengine wakaondolewa kwenye mgao. Watu waliandamana. Kumtanguliza mhitaji zaidi ni haki, tena ni dini. Lakini safari hii huruma kwa mmoja ilitolewa kwenye sahani ya jirani yake. Hasira hiyo haimstahili mjane aliyebakishiwa unga. Inawastahili wenye uwezo walio mbali, waliofunga mikoba yao kabla ya zamu ya aliye nyuma kufika.