Kweli Mbili na Uongo Mmoja

Kila Januari kidato cha kwanza nchini Tanzania hukusanya chini ya paa moja watoto waliotoka shule za msingi mbalimbali, wengi wao hawajawahi kuonana. Kaka na dada zao wa madarasa ya juu huwaita njuka, na hawakawii kuwacheka. Mwalimu anayejua kazi yake haanzi na daftari siku hiyo, anaanza na mchezo. Mmoja unaopendwa katika nchi nyingi hauhitaji hata kipande cha chaki: mwanafunzi anasimama, anataja jina lake na mambo matatu kumhusu, mawili ya kweli na moja la uongo, kisha wenzake wanakisia uongo ni upi.

Tuseme msichana anasimama. Amezaliwa Pangani, hajawahi kupanda treni, na nyumbani kwao wanafuga mbuzi 11. Mikono inanyooshwa. Wengi wanaishuku treni. Mvulana wa dawati la nyuma anasema ni mbuzi, maana mtu wa kweli angesema tu "tuna mbuzi", hesabu ya nini? Amepatia. Hakuna hata mbuzi mmoja. Darasa linaangua kicheko, na msichana ambaye dakika tano zilizopita alikuwa akitazama viatu vyake sasa anacheka nao.

Hapo ndipo swali linapozuka. Nusu ya watoto hao huenda wamepitia madrasa, nusu wamepitia mafundisho ya kipaimara, na kote walikofundishwa wameambiwa uongo ni dhambi. Sasa mtu mzima wa kwanza wanayekutana naye katika shule mpya anawaagiza waseme uongo mbele ya watu, tena anampigia makofi anayeusema vizuri. Ni haki?

Augustino, aliyekuja kuwa askofu wa Hippo, mji ambao leo ni Annaba huko Algeria, aliandika kitabu kizima kuhusu uongo mnamo mwaka 395. Hakuwa mtu wa kulegeza kamba: kwake yeye, hata uongo wa kuokoa maisha haukubaliki. Hata hivyo, mapema tu katika kitabu hicho anauweka kando mzaha. Sauti ya mzungumzaji na hali yake vinaonyesha wazi kwamba hana nia ya kudanganya, kwa hiyo huo si uongo, ingawa anaacha wazi swali la kama mcha Mungu aliyekomaa anapaswa kufanya mzaha wa namna hiyo. Mwanateolojia Thomas wa Akwino, katika karne ya 13, alikuwa mgumu zaidi. Aliugawa uongo mafungu matatu, wa kudhuru, wa kusaidia na wa kuchekesha, na hata huo wa tatu akauhesabu kuwa dhambi, japo nyepesi.

Upande wa Uislamu mlango unaonekana mwembamba zaidi. Katika Hadithi zilizopokewa na Abu Dawud na Tirmidhi, Mtume anamwonya mtu anayesema uongo ili awachekeshe watu. Lakini Mtume mwenyewe alikuwa akitania. Mtu mmoja alimwendea kumwomba mnyama wa kupanda, akaambiwa atapewa mtoto wa ngamia. Akashangaa: mtoto wa ngamia atamfaa nini? Akajibiwa kwa kuulizwa kama kuna ngamia yeyote asiyezaliwa na ngamia. Kila neno lilikuwa la kweli, na bado msikilizaji alibaki ameduwaa.

Kwa mizani ya hoja, Augustino ana nguvu zaidi. Kudanganywa kunahitaji mtu aliyetegemea kuambiwa kweli, na katika mchezo huu hakuna aliyeahidiwa hivyo. Watu wa pwani na bara wameishi na mapatano ya aina hii miaka mingi. Msimulizi hasimulii mpaka ajibiwe "Pakawa". Mtega kitendawili hategi mpaka aambiwe "Tega", na wakishindwa wanampa mji, naye lazima atoe jibu. Msikilizaji ameruhusu kuzungushwa, na mwisho anafunguliwa fumbo. Uongo wa kweli hauna ruhusa wala ufunguzi.

Hata hivyo, mwanafunzi ambaye dhamiri yake inamkataza asilazimishwe, na kisa cha ngamia kinampa njia: aseme jambo moja la kweli ambalo halisadikiki, wenzake wabishane. Pengine mchezo huo ni mtamu kuliko ule wa awali.

Umri nao una neno lake. Mwanasaikolojia Jean Piaget, katika kitabu chake cha mwaka 1932 kuhusu maadili ya mtoto, aliwapa watoto visa viwili: mmoja aliogopeshwa na mbwa akasema amemwona mbwa mkubwa kama ng'ombe, mwingine alimdanganya mama yake kwamba amepata alama nzuri shuleni. Watoto wadogo walimwona wa mbwa kuwa mwovu zaidi, kwa kuwa hakuna mbwa wa ukubwa huo. Nia hawakuipima. Kwa darasa la kwanza, basi, mchezo huu bado. Ukuti ukuti unatosha.

Ila mabishano yote haya juu ya uongo mmoja yanaziacha zile kweli mbili bila mlinzi, na huko ndiko kwenye hatari. Mtoto aliyefiwa na wazazi, anayelelewa na bibi, au ambaye mama yake anauza pombe ya kienyeji, anatakiwa achague haraka mbele ya watu 60 kipi cha kwake kitoke hadharani. Akiteleza, jina la utani analovishwa asubuhi hiyo linaweza kumfuata hadi kidato cha nne.

Sura ya Al-Hujurat katika Kurani inalipanga jambo hili kwa namna ambayo kila mwalimu, wa dini yoyote, angefaidika kuitazama. Aya ya 13 inaeleza kwamba watu wameumbwa mataifa na makabila ili wajuane. Lakini kabla yake, aya ya 11 imekataza kudharauliana na kuitana majina mabaya, na aya ya 12 imekataza kupelelezana. Katika mpangilio huo, mipaka inatangulia kutajwa kabla ya kujuana. Darasani mara nyingi tunaanza na kujuana, mipaka tunaikumbuka mtoto akishalia.

Mchezo uchezwe, basi. Ila mwalimu aanze yeye, aseme mambo yake matatu na kukubali kuchekwa. Aruhusu asiyetaka apite bila kuulizwa sababu. Na jina la utani likizaliwa hapo, alikemee siku hiyo hiyo, kabla kengele ya mapumziko haijagongwa.