Luninga, Manfaa na Haki: Tafakuri juu ya Kuzimwa kwa Mitambo ya Analojia

Mtu akinunua chombo kwa fedha yake ya halali, kisha dola ikabadili mfumo ambao chombo hicho huutegemea, hata kikabaki sebuleni kikiwa kizima ilhali hakifanyi tena kazi iliyomfanya akinunue, je, mtu huyo amedhulumiwa, au amepatwa tu na mabadiliko ambayo kila aishiye katika jamii hana budi kuyapokea? Swali hili, ambalo wanasheria wamezoea kulijadili kwa mifano ya ardhi na barabara, liliingia katika nyumba za Afrika Mashariki kwa njia ya luninga. Tarehe 31 Desemba 2012 mitambo ya analojia ilizimwa Dar es Salaam, na katika miezi ya mwanzo ya mwaka 2013 zamu ikafika Dodoma, Tanga, Mwanza, Arusha, Moshi na Mbeya. Kenya, baada ya mvutano mrefu mahakamani, ilikamilisha kazi hiyo mwaka 2015. Mazungumzo ya wakati ule yalihusu zaidi bei ya ving'amuzi na mahali pa kuvinunua, jambo linaloeleweka, lakini chini ya mazungumzo hayo lilikuwapo suala la haki ambalo halikupewa nafasi yake.

Kwanza ni vema istilahi ziwekwe wazi. Masafa ni njia za mawimbi ya redio zinazopita hewani, nazo zina kikomo, kwa kuwa watu wawili wakirusha matangazo katika njia moja mahali pamoja kila mmoja humharibia mwenzake. Katika mfumo wa analojia picha husafirishwa kama wimbi lisilokatika, linalopanda na kushuka kwa kufuata mwanga wa kile kinachoonyeshwa, na kituo kimoja hukalia peke yake upana wa takribani megahezi 8. Katika mfumo wa dijitali picha hugeuzwa kuwa tarakimu na kubanwa, hivyo katika upana uleule zikapita chaneli kumi au zaidi. Luninga za zamani, ambazo watu huziita za chogo kwa sababu ya mgongo wake uliochomoza, haziwezi kuzisoma tarakimu hizo, na ndiyo maana huhitaji king'amuzi, yaani kisanduku kinachopokea mawimbi ya dijitali na kuyarudisha katika umbo ambalo luninga hiyo inaweza kulionyesha. Ratiba ya mageuzi haya ilitokana na mkutano uliofanyika Geneva mwaka 2006 chini ya Umoja wa Kimataifa wa Mawasiliano, ambapo nchi za Ulaya, Afrika na sehemu ya Asia zilikubaliana kwamba baada ya tarehe 17 Juni 2015 vituo vya analojia havitakuwa tena na kinga dhidi ya mwingiliano wa mawimbi kutoka nchi jirani. Yafaa kuzingatia kwamba makubaliano hayo yaliondoa kinga tu. Uamuzi wa kuzima, na wa kuzima mapema kuliko wengine, ulikuwa wa serikali zenyewe, na kwa hiyo lawama au sifa zake haziwezi kutupiwa Geneva.

Mafakihi, yaani wanazuoni wa sheria ya Kiislamu, hutenganisha dhati ya kitu na manfaa yake, kwa maana kwamba nyumba ni kitu kimoja na kukaa ndani ya nyumba ni kingine, na ndiyo sababu mtu aweza kukodisha manfaa bila kuuza dhati. Kwa kipimo hicho, aliyekuwa na luninga ya chogo hakunyang'anywa dhati yoyote, kwa kuwa chombo kilibaki chake, na hata manfaa yaliyoondoka hayakuwa yake kwa ukamilifu, maana yalitegemea wimbi lililorushwa na mwingine katika masafa ambayo ni amana ya umma mikononi mwa serikali. Hadithi mashuhuri ya Mtume inayowahesabu watu kuwa washirika katika maji, malisho na moto huweza kupanuliwa ifike hewani, na aliye mshirika katika mali ya pamoja hawezi kudai kwamba mali hiyo itumike daima kwa namna anayoipenda yeye. Hapo hoja ya serikali ina nguvu. Lakini ushirika huo huo una upande wa pili, kwamba msimamizi wa amana akibadili matumizi yake kwa maslahi ya wote, gharama haipaswi kumwangukia mshirika mmoja ikamwacha mwingine.

Mwanateolojia Thomas wa Akwino, katika *Summa Theologiae*, alikwisha kueleza kwamba sheria huweza kulenga manufaa ya wote na bado ikawa ya dhuluma, iwapo mizigo yake imegawanywa kwa namna isiyo sawa miongoni mwa watu. Huo ndio uzito halisi wa suala la king'amuzi. Mwenye luninga mpya ya bapa iliyokuja na kipokezi cha dijitali ndani yake hakutoa senti. Mwenye luninga ya chogo, ambaye kwa kawaida ndiye mwenye kipato kidogo, alilipia mageuzi ambayo hakuyaomba. Nchi nyingine zililitambua jambo hili. Marekani, iliyozima vituo vyake vikubwa vya analojia tarehe 12 Juni 2009, ilizipatia kaya vocha za dola 40, mbili kwa kila kaya iliyoomba, na Uingereza iliunda mpango wa msaada kwa wazee waliotimiza miaka 75 na kwa watu wenye ulemavu, uliolipiwa kutokana na ada ya leseni ya luninga. Afrika Mashariki ununuzi uliachwa kwa mwenye nyumba. Si haki kuzilaumu serikali zenye hazina ndogo kwa kushindwa kutoa kilichotolewa na nchi tajiri, ila kutokuwa na uwezo wa kulipa deni hakumaanishi kwamba deni halikuwapo.

Mtu aweza kupinga kwamba luninga ni anasa, na kwamba hakuna deni la haki katika anasa. Pingamizi hili lina historia ndefu Tanzania Bara, ambako kwa miongo mitatu baada ya uhuru hapakuwa na kituo cha luninga hata kimoja, kwa sababu uongozi wa Mwalimu Nyerere uliiona kuwa kitu cha wachache katika nchi yenye mahitaji mazito zaidi, wakati Zanzibar, ng'ambo ya mlango mwembamba wa bahari, ilikuwa na luninga ya rangi tangu miaka ya sabini. Vituo vya Bara vilianza mwaka 1994. Al-Shatibi, mwanazuoni wa Andalusia aliyefariki mwaka 1388, alipanga maslahi ya binadamu katika daraja tatu: dharura, ambayo maisha na dini havisimami bila hayo, haja, ambayo kuyakosa huleta taabu, na tahsini, yaani mapambo yanayoyafanya maisha yapendeze. Aliyeiweka luninga katika daraja la tatu mwaka 1970 hakukosea, lakini kitu huhama daraja kadiri watu wanavyokitegemea. Pale ambapo tangazo la kipindupindu, mdahalo wa wagombea na matokeo ya uchaguzi humfikia mtu kwa njia ya kioo, kukikosa kioo hicho ni taabu ya kweli, na ibara ya 18 ya Katiba ya Tanzania, inayompa kila mtu haki ya kupata taarifa za matukio muhimu kwa maisha ya wananchi, haiwezi kusomwa kana kwamba njia ya taarifa hizo haihusiki. Tamthilia na mpira vinaweza kubaki katika mapambo, ingawa wapo wengi watakaobisha kuhusu mpira.

Lipo jambo moja la kiufundi lenye uzito mkubwa zaidi wa kimaadili kuliko yote yaliyotangulia. Mfumo wa analojia ulikuwa ukififia polepole: aliyekuwa karibu na mnara aliona picha safi, aliyekuwa mbali aliona chenga, na aliyekuwa mbali zaidi alibaki na sauti iliyochanganyika na mvumo, huku vivuli vikipita kiooni. Kila nyumba ya pembezoni iliujua mpango wa kijana mmoja kupanda juu ya bati akiizungusha antena iliyofungwa kwenye mlingoti wa mwanzi, na mwenzake akipiga kelele kutoka sebuleni, "Hapo hapo, usiguse!" Dijitali haina chenga. Wimbi likiwa na nguvu ya kutosha picha huwa safi kabisa, hata kwa aliye mbali. Likishuka chini ya kiwango fulani picha hukatika vipande vya mraba, huganda, kisha kioo huwa cheusi na maandishi ya kueleza kwamba hakuna mawimbi. Pamoja na ubora wake wote, mfumo mpya uliweka kizingiti mahali ambapo palikuwa na mteremko, na kizingiti kina watu nyuma yake.

Anayepima mageuzi kwa jumla ya manufaa ataona faida tupu, kwa kuwa chaneli zimeongezeka na picha zimekuwa bora kwa walio wengi. Lakini mwanafalsafa John Rawls, katika kitabu chake cha mwaka 1971 juu ya nadharia ya haki, alishikilia kwamba tofauti za hali huhalalishwa pale tu zinapomfaidi pia aliye chini kabisa, na kwa kipimo hicho mtazamaji wa chenga ndiye shahidi wa kwanza kuitwa. Yeye alikuwa na fungu baya la kitu cha umma, kisha akaambiwa kwamba kitu hicho kimeboreshwa, naye akabaki bila fungu lolote, isipokuwa kama angeweza kununua dishi la satelaiti.

Ndani ya nyumba penyewe maandalizi yalikuwa na maswali yake. Mwenye nyumba alitakiwa kuangalia kama luninga yake ina matundu matatu ya waya, la njano kwa picha, jekundu na jeupe kwa sauti, au ina tundu la antena peke yake. Na kama nyumba ilitumia umeme wa jua, alihesabu kama betri ingebeba chombo kimoja zaidi hadi taarifa ya habari ya saa mbili usiku. Hayo ni ya fundi. La maadili ni kwamba zamani luninga mbili zenye antena zao ziliweza kuonyesha vituo viwili, ilhali king'amuzi kimoja kikigawiwa vyumba viwili huonyesha chaneli moja kote, hivyo aliyeshika rimoti na aliyelipia kifurushi wakapata mamlaka ambayo hawakuwa nayo. Mafundisho ya dini yanamtaja mzazi kuwa mchunga atakayeulizwa juu ya kundi lake, na hati ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano juu ya vyombo vya upashanaji habari, *Inter mirifica* ya mwaka 1963, inawapa wazazi wajibu uleule wa kulinda kinachoingia nyumbani. Ving'amuzi vingi vina namba ya siri ya kufunga chaneli, na ni rahisi kudhani kwamba kuiweka ni kuutimiza wajibu huo; kwa kweli namba huzuia chaneli tu, haifundishi kuchagua, na mtoto aliyezuiliwa kwao huenda akaiona filamu ileile katika kibanda umiza, yaani banda la kuonyeshea video, cha mtaa wa pili.

Yanabaki masafa yaliyoachwa wazi, ambayo ndiyo yaliyokuwa shabaha kubwa ya mageuzi tangu mwanzo. Mwaka 2018 Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania ilinadi masafa ya megahezi 700 kwa ajili ya intaneti ya simu, na mwaka huohuo kampuni za ving'amuzi vya satelaiti ziliamriwa kuziondoa chaneli za ndani za bure, kwa hoja kwamba leseni zao hazikuziruhusu kuwatoza watazamaji kwa chaneli hizo. Hoja hiyo ya kisheria ilikuwa sahihi, lakini waliopoteza zaidi walikuwa walewale wa nyuma ya kizingiti, walionunua dishi kwa sababu mnara haukuwafikia. Kanuni ya mafakihi inaiambatanisha faida na aliyebeba gharama. Ikichukuliwa kwa dhati, sehemu ya mapato ya mnada wa namna hiyo, ikipitishwa katika Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2006, ingestahili kujenga minara midogo ya kurudia matangazo katika maeneo hayo, na fedha hiyo ingeandikwa katika vitabu vya serikali kama malipo ya deni, wala si msaada kwa wanyonge.