WAZO LA LEO: Mikono Ikiachwa Hewani
Anayejifunza kupinduka kiubavu bila mikono kugusa chini hudhani ugumu uko mikononi. La, kazi ni ya miguu: wa mbele unaisukuma sakafu, wa nyuma unarushwa juu kwa nguvu zote, kiuno kinapita juu ya kichwa. Ndiyo maana mwalimu mzuri huanza na mikono miwili, kisha mmoja, kisha bila mikono juu ya godoro nene. Hatua hizo zisirukwe kamwe. Anayeangukia shingo huumia vibaya. Wanajimnastiki waliokomaa huupiga mruko huu juu ya boriti yenye upana wa sentimita 10 tu, mita 1.25 kutoka sakafuni! Mzazi, ukisikia mwalimu amemrudisha mwanao kwenye mikono miwili, mshukuru.