Mabishano Juu ya Uwezekano

Aghalabu watu wawili wanapobishana juu ya hesabu, hudhaniwa kwamba mmoja wao hana budi kuwa amekosea. Walakini liko tawi moja la hesabu, nalo ni lile la uwezekano, ambamo watu wenye akili timamu huweza kuitana wajinga ilhali kila mmoja amepiga hesabu yake sawasawa.

Mwaka 1959 mwandishi wa Marekani, Martin Gardner, alitoa fumbo katika jarida la Scientific American. Bwana mmoja ana watoto wawili, na angalau mmoja wao ni wa kiume. Je, kuna uwezekano gani kwamba wote wawili ni wa kiume? Gardner alijibu: theluthi moja. Wako wanaoshikilia kuwa ni nusu, na baadaye Gardner mwenyewe alikiri kwamba swali lake lilikuwa na utata.

Natuchukue familia 400 zenye watoto wawili wawili, tukikubali kwamba wavulana na wasichana huzaliwa kwa kiasi kimoja. Familia 100 zitakuwa na wavulana wawili, 100 wasichana wawili, na 200 mvulana na msichana. Mtu apite akimwuliza kila baba, "Mzee, unaye mtoto wa kiume?" Wataitika 300, na wenye wavulana wawili ni 100 tu, hiyo ni theluthi. Mwenzake hakuuliza neno. Alibisha hodi, na mtoto yeyote kati ya wale wawili akatoka kumlaki. Katika zile familia 200 za mchanganyiko, mvulana atatoka katika 100 hivi. Basi atalakiwa na wavulana 200, na 100 kati yao wana ndugu wa kiume. Hiyo ni nusu. Wote wawili watasema, "Najua kuwa nyumba hii ina mvulana," nao watakuwa wamesema kweli. Kauli ni moja, bali ujuzi ni wa namna mbili.

(Katika Kiswahili ugomvi huongezeka. Ukisema tu "mmoja ni wa kiume", wengi watasikia kwamba wa pili ni wa kike, na kwao hakuna la kukokotoa.)

Mahakamani shahidi huulizwa kama aliona kwa macho yake au alisimuliwa, kwa kuwa maneno yale yale hayana uzito ule ule. Ajabu ni kwamba katika mabishano haya tunalisahau swali hilo, tukakimbilia kupima akili ya mwenzetu.

Mwanafunzi aliyeandika "nusu" yawezekana alimfikiria yule aliyebisha hodi. Akikatwa alama bila kuulizwa, atajifunza kuwa katika hesabu haki ni ya mwenye chaki, na fikira yake iliyokuwa nzima ataitupa. Wamo pia darasani waliobahatisha tu. Nao hawatajulikana ila kwa kuulizwa vivyo hivyo.